Kisigino Kikiuma Asubuhi: Mashine ya Mawimbi ya Mshtuko Inamfaa Nani?

  Ongeza sauti ya redio kidogo, vuta kigoda, tuzungumze.

Leo tutazungumza juu ya maumivu ya kisigino. Tutazungumza pia juu ya mashine moja ambayo huenda umesikia ikitajwa mjini, mashine ya mawimbi ya mshtuko. Wengine huiita kwa jina lake la kigeni, shokwevu.

Hebu tumfikirie mama mmoja. Anaamka saa kumi na moja alfajiri ili awaandalie watoto chai kabla hawajaenda shule. Anapoteremsha miguu kitandani na kukanyaga sakafu, anahisi kama amekanyaga msumari. Anashika ukuta. Anachechemea hadi jikoni. Akishatembeatembea kidogo maumivu yanapungua, naye anasema moyoni, "Afadhali, yamekwisha." Anakwenda sokoni na kusimama kutwa nzima juu ya saruji akiuza mboga, miguuni amevaa patipati zilizolika upande mmoja. Jioni kisigino kinaanza tena.

Miezi minne inapita hivyo. Amenunua tembe dukani. Amepaka mafuta ya kuchua. Jirani amemwambia ni baridi iliyoingia kwenye mifupa. Kisha siku moja anaona bango mjini: kuna mashine inayoondoa maumivu ya kila aina, bila dawa na bila kisu. Anaingia na kuuliza bei. Bei anayotajiwa inakaribia karo ya mtoto wake ya muhula mzima. Sasa anataka kwenda kukopa kwenye chama chake.

Je, akope? Hilo ndilo swali letu la leo, na tutalijibu hatua kwa hatua.

Kwanza, tuyaelewe maumivu yenyewe. Chini ya wayo wako kuna ukanda mgumu unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kwenda mbele hadi kwenye vidole. Ufikirie mguu kama upinde wa mwindaji. Mifupa ndiyo upinde, na ukanda huu ndio uzi wake. Kila unapokanyaga, uzi unavutika. Ukivutika kupita kiasi siku baada ya siku, huchakaa na kupata michaniko midogo midogo pale unaposhikana na mfupa wa kisigino. Hapo ndipo panapouma.

Kwa nini asubuhi? Ukiwa umelala, ukanda huo hukaza. Unapoamka na kuukanyagia kwa ghafla, unavutwa kabla haujalegea. Ndiyo sababu hatua za kwanza huwa chungu kuliko zinazofuata. Hali ni hiyo hiyo unapoinuka baada ya kuketi muda mrefu ibadani au kwenye matatu.

Maumivu haya huwapata zaidi watu wenye umri wa miaka 40 hadi 60. Huwapata wanaosimama muda mrefu juu ya sakafu ngumu, wenye uzito uliozidi, wanaovaa viatu bapa vyenye soli nyembamba, na wenye mashavu ya miguu yaliyokaza. Wanariadha wanaokimbia masafa marefu huyapata. Mama mjamzito naye huweza kuyapata, kwa sababu mwili wake umeongezeka uzito kwa muda mfupi.

Huenda ukapigwa picha ya eksirei, kisha ukaambiwa kuna kimfupa kilichochomoza kwenye kisigino kama mwiba. Usiogope. Watu wengi wana mwiba huo na hawaumwi hata kidogo, na wengine wanaumwa bila kuwa nao. Kuonekana kwake kwenye picha si sababu ya kukatwa.

Sasa tuje kwenye tiba, na tuanze na ile iliyo nyumbani kwako. Sikiliza vizuri hapa, kwa maana hii ndiyo sehemu ambayo mabango hayaitaji.

La kwanza ni zoezi la kitandani. Kabla hujakanyaga sakafu asubuhi, keti na uuweke mguu unaouma juu ya goti la mguu mwingine. Shika vidole vya mguu kwa mkono na uvivute vije upande wako, mpaka uhisi wayo umekaza chini. Hesabu pole pole hadi 10, kisha achilia. Rudia mara 10. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, na mara ya kwanza iwe daima kabla ya hatua yako ya kwanza ya asubuhi.

La pili ni zoezi la ukutani. Simama ukitazama ukuta na uweke viganja vyako juu yake. Rudisha nyuma mguu unaouma, goti likiwa limenyooka na kisigino kikiwa kimegusa sakafu. Kunja goti la mguu wa mbele huku ukiegemea ukuta, mpaka shavu la mguu wa nyuma livutike. Hesabu hadi 30. Pumzika, kisha rudia mara tatu. Unaweza kufanya zoezi hili ukingoja sufuria ichemke.

La tatu ni viatu. Tafuta viatu vyenye soli nene na kisigino kilichoinuka kidogo. Si lazima viwe vipya. Raba za mitumba zinafaa, mradi soli yake haijalika. Patipati zilizolika uziache kabisa. Hata ndani ya nyumba usitembee miguu mitupu juu ya saruji mpaka upone.

La nne ni chupa. Chukua chupa ya plastiki iliyojaa maji, uilaze sakafuni na uizungushe chini ya wayo kwa dakika 10 hivi huku umeketi. Kama unaweza kuyagandisha maji hayo, ni vizuri zaidi, lakini funga chupa kwa kitambaa ili barafu isiunguze ngozi. Tahadhari: kama una ugonjwa wa kisukari au miguu yako imekufa ganzi, usitumie barafu, kwa sababu unaweza kujiumiza bila kuhisi.

La tano ni kupumzisha mguu. Hapa najua utaniuliza, "Nani atafanya kazi zangu?" Sikuambii ulale. Nakuambia menya viazi ukiwa umeketi. Weka kigoda kwenye kibanda chako, na ukisimame tu mteja anapokuja. Gawa mzigo wa maji mara mbili badala ya kuubeba mara moja. Na kama uzito wako umezidi, kila kilo unayopunguza ni mzigo unaoutua kutoka kwenye kisigino.

Na dawa je? Paracetamol inaweza kutuliza maumivu kwa siku chache. Lakini usijizoeze kununua dawa kama diclofenac na ibuprofen mwezi baada ya mwezi bila kumwona daktari. Zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kuumiza figo na kupandisha shinikizo la damu. Mama mjamzito asizitumie kabla ya kuuliza kliniki.

Mpenzi msikilizaji, mazoezi haya ni rahisi, lakini hayana haraka. Mtu huyafanya siku tatu, akiona bado anaumwa anaacha na kusema hayafai. Mguu uliochakaa kwa miaka haurudi sawa kwa wiki moja. Yape miezi mitatu, ukiyafanya kila siku. Wagonjwa wengi sana wa maumivu haya hupona ndani ya mwaka mmoja kwa njia kama hizi, bila upasuaji wowote. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini wapo wachache ambao wamefanya yote hayo, miezi sita imepita, na bado wanashika ukuta kila asubuhi. Kwa hao, ndipo tunapoweza kuanza kuzungumza juu ya ile mashine.

Mashine hii ni nini? Watu wakisikia neno mshtuko hudhani ni kupigwa na stima. Sivyo. Hakuna umeme unaoingia mwilini mwako. Mawimbi haya ni ya jamii moja na sauti. Umewahi kupanda matatu yenye muziki mkubwa ukahisi kifua kikitetemeka kwa kila mdundo? Hakuna mkono uliokugusa, lakini nguvu ya sauti imekufikia. Mashine hii hutoa midundo ya namna hiyo, ila ni mikali zaidi, mifupi sana, na huelekezwa mahali padogo panapouma.

Tiba hii haikuanzia kwenye visigino. Ilianzia kwenye figo. Mwezi wa Februari mwaka 1980, mjini Munich nchini Ujerumani, daktari Christian Chaussy na wenzake walimtibu kwa mara ya kwanza mgonjwa mwenye mawe kwenye figo kwa kutumia mawimbi haya. Jiwe lilivunjwavunjwa likiwa ndani ya mwili, bila kumpasua. Mashine yenyewe iliundwa na kampuni ya Dornier, iliyokuwa ikijulikana kwa kuunda ndege. Baadaye madaktari walijaribu mawimbi hayo kwenye mifupa iliyokataa kuunga, kisha kwenye kano, yaani zile kamba zinazoshikanisha misuli na mifupa.

Kwenye kisigino hakuna jiwe la kuvunja, na hata ule mwiba wa mfupa tulioutaja hauvunjwi. Kazi yake huko ni nyingine. Sehemu iliyochakaa muda mrefu huwa kama jeraha ambalo mwili umelizoea na kuacha kulishughulikia. Midundo ya mashine huichokoza sehemu hiyo upya, ili mwili upeleke damu na kuanza tena kazi ya kuponya. Pia hupunguza nguvu ya neva zinazopeleka habari ya maumivu. Wataalamu bado wanachunguza namna yote hayo yanavyotokea, lakini kwa kifupi ndivyo inavyoelezwa.

Ukiingia kwenye chumba cha tiba, mambo huenda hivi. Utalala au kuketi, na mtaalamu atakibonyeza kisigino ili umwonyeshe panapouma zaidi. Kisha atakupaka jeli, ile ile ya baridi ambayo mama hupakwa tumboni anapopigwa picha ya mtoto. Ataweka kichwa cha mashine juu ya ngozi na kuiwasha. Utasikia mlio wa ta-ta-ta-ta, na utahisi kugongwa kwa haraka. Katika kikao kimoja hupigwa midundo kama 2,000, na kazi huchukua dakika chache tu. Kisha unavaa kiatu chako na kwenda nyumbani. Hakuna kulazwa.

Je, inauma? Ndiyo, inauma kiasi, hasa mwanzoni. Mtaalamu mwema huanza na nguvu ndogo na kuiongeza pole pole, naye hukuuliza unavyojisikia. Mwambie ukweli. Usiume meno na kunyamaza. Baadaye ngozi inaweza kuwa nyekundu, au kuvilia damu kidogo, na kisigino kikawanga kwa siku moja au mbili. Hayo kwa kawaida hupita yenyewe.

Vikao huwa vitatu hadi vitano, mara nyingi kimoja kwa wiki. Usitarajie kutoka mlangoni ukiruka kamba. Nafuu huja pole pole, na huenda ikachukua wiki 6 hadi 12 kuonekana vizuri. Anayekuahidi kwamba utapona papo hapo, muulize mara mbili.

Sasa swali kubwa: inaponya kweli? Hapa nataka nikuambie jambo lilivyo, bila kuongeza chumvi.

Mwaka 2000, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya tiba iliidhinisha mashine ya aina hii kwa maumivu ya kisigino. Lakini angalia sharti lake. Iliidhinishwa kwa wagonjwa walioumwa miezi 6 au zaidi, na ambao tiba za kawaida zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia. Haikuwekwa kuwa tiba ya kuanzia.

Mwaka 2009, taasisi ya Uingereza inayowashauri madaktari juu ya tiba zinazofaa, iitwayo NICE, iliangalia tafiti za maumivu haya ya kisigino. Ilisema haikuona tatizo kubwa la usalama, lakini matokeo ya tafiti hayakupatana. Nyingine zilionyesha faida, nyingine hazikuonyesha.

Kwa nini zitofautiane? Katika tafiti hizi, wagonjwa wengine hutibiwa kwa mashine halisi, na wengine kwa mashine inayolia tu bila nguvu, nao hawajui ni ipi. Mara nyingi hata wale wa mashine ya uongo wengi wao hupata nafuu, kwa sababu maumivu ya kisigino hupungua yenyewe kadiri muda unavyopita. Kwa hiyo jirani akikuambia, "Mimi ile mashine iliniponya," inawezekana ni kweli, na inawezekana pia alikuwa tayari njiani kupona.

Kwa sehemu nyingine za mwili, mambo ni tofauti tena. Shirika la Cochrane hukusanya tafiti za tiba kutoka pande zote za dunia na kuzipima. Mwaka 2005 lilisema kwamba kwa maumivu ya kiwiko upande wa nje, mashine hii ina faida ndogo au haina kabisa. Mwaka 2020 lilitazama maumivu ya kano za bega, likakuta faida chache sana zenye maana kwa mgonjwa. Kwa hiyo bango linalosema mashine moja inaponya mgongo, magoti, shingo, bega na kila kitu, linasema zaidi ya yale yanayojulikana.

Ewe unayemtunza bibi au babu mwenye magoti yaliyochakaa, usikimbilie mashine hii. Kwa magoti hayo, kinachotangulia ni mazoezi ya kuimarisha misuli ya mapaja, kupunguza uzito, na fimbo nzuri ya kutembelea.

Wapo pia watu ambao hawapaswi kuwekewa mashine hii, au wasiwekewe kabla daktari hajawachunguza kwa makini. Chukua kalamu uandike.

Mama mjamzito asiwekewe. Kama kuna uwezekano kwamba una mimba, sema kabla ya kupanda kitandani, hata kama hujaulizwa.

Mtu mwenye ugonjwa wa damu isiyoganda, au anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi kama warfarin, asiwekewe, kwa maana anaweza kuvuja damu ndani.

Mahali penye saratani, penye usaha au maambukizi, au penye mishipa ya damu iliyoganda, pasiguswe.

Mashine isielekezwe kwenye kifua panapokaa mapafu, kwenye kichwa, wala kwenye uti wa mgongo.

Aliyechomwa sindano ya steroidi mahali hapo katika wiki za karibuni aseme, ili asubirishwe kwanza.

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo aseme.

Na mtoto ambaye bado anakua asipelekwe kwenye mashine hii kwa sababu ya kisigino. Mifupa ya mtoto ina sehemu laini ambazo ndizo zinazorefuka, nazo hazitaki kugongwa. Mtoto wa miaka 8 hadi 14 anayecheza mpira sana anaweza kuumwa kisigino kwa sababu sehemu hiyo laini imechoshwa. Dawa yake ni kupunguza michezo kwa muda, viatu vizuri, na kunyoosha shavu la mguu. Hupona anapoendelea kukua.

Kuna jambo jingine ambalo ni zito zaidi ya pesa. Si kila maumivu ni ya kano au ya ukanda wa wayo. Yako maumivu ambayo ni kengele ya ugonjwa mwingine, na kuyapeleka kwenye mashine ni kupoteza siku ambazo mgonjwa hana. Nenda hospitali bila kuchelewa ukiona mojawapo ya haya:

Mtoto anachechemea au anakataa kukanyaga, na ana homa. Huenda mfupa au kiungo kimeingia maambukizi. Usingoje kesho.

Maumivu yanayomwamsha mgonjwa usiku hata akiwa amepumzika, huku akikonda.

Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa, jasho la usiku na kukonda. Kifua kikuu hushika hata mifupa ya mgongo.

Maumivu ya mgongo pamoja na ganzi kati ya mapaja, miguu kuishiwa nguvu, au kushindwa kuzuia mkojo au choo.

Mguu uliovimba upande mmoja, wenye joto na unaouma, hasa kwa mama aliyejifungua karibuni. Huenda ni damu iliyoganda.

Kisigino au mguu wa mwenye kisukari ukiwa na kidonda, rangi iliyobadilika au ganzi.

Mzee aliyeanguka na hawezi kukanyaga tena.

Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayehitaji mashine ya mawimbi kwanza. Anahitaji kuchunguzwa.

Na kama umeshafanya mazoezi kwa miezi, umechunguzwa, na mtaalamu amekushauri ujaribu mashine, bado una haki ya kuuliza maswali. Kuuliza si ujinga. Uliza haya matano kabla hujatoa pesa.

Moja: Ugonjwa wangu unaitwaje, na umeujuaje? Mtu ambaye hajakushika mguu wala kukuona ukitembea hawezi kujua.

Mbili: Wewe umesomea nini, na umesajiliwa? Hapa Kenya wataalamu wa fiziotherapia husajiliwa kwa sheria ya mwaka 2014, na kila mmoja anapaswa kuwa na leseni. Kumwomba akuonyeshe si kumkosea adabu.

Tatu: Ni vikao vingapi, na gharama yote kwa jumla ni kiasi gani? Usiambiwe bei ya kikao kimoja tu, kisha kila wiki uongezewe kingine. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Uliza pia kama bima yako inalipia.

Nne: Nisipopata nafuu baada ya vikao hivyo, tutafanya nini?

Tano: Nyumbani nifanye mazoezi gani? Akikujibu kwamba mashine inatosha, huhitaji mazoezi, basi chukua mkoba wako na uage kwa heshima. Mashine hii hufanya kazi vizuri zaidi pamoja na mazoezi, wala haichukui nafasi yake.

Ukiwa katika siku za tiba, mtaalamu anaweza kukuomba usitumie diclofenac, ibuprofen na dawa za jamii hiyo kwa muda. Ni kwa sababu mashine inauchokoza mwili ili uponye, nazo dawa hizo zinatuliza kule kuchokozwa. Pia usiruke, usikimbie wala usibebe mizigo mizito kwa siku mbili hivi baada ya kila kikao.

Sasa turudi kwa yule mama wetu tuliyemwacha mlangoni mwa chama. Je, akope?

Ushauri wetu ni kwamba asikope leo. Kisigino chake kimeuma miezi minne, lakini katika miezi hiyo minne bado hajafanya hata zoezi moja. Bado anavaa patipati zile zile. Aende kwanza kwenye kituo cha afya, na akiweza, atumwe kwa mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya umma. Huko ataonyeshwa mazoezi kwa gharama ndogo kuliko ile ya mashine. Anunue raba za mitumba. Aweke kigoda kibandani. Ayafanye mazoezi kila asubuhi na kila jioni kwa miezi mitatu. Kuna uwezekano mkubwa kwamba muhula ujao atakuwa anatembea vizuri, na karo ya mtoto iko salama.

Na kama ifikapo wakati huo bado anashika ukuta, basi mashine ya mawimbi ni jambo halali la kufikiriwa. Si uchawi, si utapeli, wala si hatari kubwa kwa mtu anayeifaa. Ni chombo cha kazi moja maalumu, kama sindano ya kushonea. Sindano ni nzuri, lakini huwezi kuchotea maji.

Kabla sijakuaga, turudie kwa kifupi. Maumivu ya kisigino ya asubuhi kwa kawaida hutokana na ukanda wa wayo uliochakaa, nayo hupona kwa wengi kwa mazoezi, viatu vizuri na subira. Mashine ya mawimbi ya mshtuko si stima. Inaweza kuwasaidia baadhi ya watu walioumwa zaidi ya miezi sita bila nafuu, lakini si tiba ya kila maumivu. Mama mjamzito, mtoto anayekua, na anayetumia dawa za kupunguza damu kuganda wasiwekewe. Homa, kukonda, ganzi na uvimbe ni mambo ya hospitali kwanza.

Kesho asubuhi, kabla hujakanyaga sakafu, kumbuka: vuta vidole, hesabu hadi 10, rudia mara 10. Chai ya watoto itangoja dakika hizo mbili tatu. Na kama una jirani anayechechemea, mpe habari hii nyumba kwa nyumba.